Kwangu na Yangu

Mtu aliyepanga chumba kimoja, chenye kitanda, meza na ndoo mbili za maji, humwambia mgeni wake, "Karibu kwangu." Hakuna anayemsahihisha. Mwenye nyumba mwenyewe, akitaka kuingia chumbani humo kutazama dari inayovuja, hupiga hodi na kungoja aitikiwe. Lakini mtu huyo huyo akisema, "Hii ni nyumba yangu," watu watacheka, au watamuuliza ameinunua lini. Kwa hiyo lugha yetu inajua tofauti ambayo aghalabu hatuitii maanani tunapozungumzia mali: kuna yangu, na kuna kwangu. Yangu ni kitu. Huuzwa, hurithiwa, huwekwa rehani. Kwangu ni mahali. Mtu hukupata kwa kukaa, kwa kulala na kuamka, kwa kuzaliwa watoto na kutolewa maiti. Hakuna hati ya kwangu.

Swali ninalotaka kulijadili ni hili: mtu aliyekaa mahali miaka ishirini kwa kulipa kodi, hata watoto wake wasijue kwao pengine ila hapo, ana haki gani mbele ya yule ambaye nyumba ni yake lakini hajapata kuiita kwake? Tukijibu upesi kwamba hana haki yoyote, maana alichokuwa nacho kimekwisha pamoja na kodi ya mwezi wa mwisho, tutakuwa tumesema jambo la kweli kwa sheria. Nataka tuone kama tumesema kweli yote.

Nalipeleka swali hili Mabawa, mjini Tanga. Si kwa kuwa Mabawa kuna jambo la ajabu lisilokuwako kwingine. Nalipeleka huko kwa sababu ni mtaa wa watu wa kawaida, na kwa sababu sisi wa visiwani hatuwezi kuuita mgeni. Tanga na Pemba zinatazamana. Kati yao ni mkondo tu, na watu, bidhaa na majina ya koo vimeuvuka mkondo huo tangu zamani. Yanayoipata nyumba ya Mabawa yanaipata nyumba ya Wete na ya Ng'ambo pia, ila kwa mwendo tofauti.

Kila msomaji wa pwani anaijua nyumba ninayoisema. Mbele ina baraza. Ukiingia unakutana na ukumbi mrefu ulionyooka hadi mlango wa nyuma. Vyumba vitatu upande huu, vitatu upande ule. Kisha ua wenye jiko, kisima au bomba, bafu na choo. Zamani ilikuwa ya miti na udongo, ikaezekwa makuti. Baadaye likaja bati, kisha tofali la saruji. Haikubuniwa ili ipangishwe, lakini haijapata kutokea nyumba inayokubali kupangishwa chumba kimoja kimoja kuliko hii. Tanga ilikuwa na haja hiyo mapema. Ujenzi wa reli ulianza 1893, na mwaka huo huo mbegu za mkonge zililetwa katika pwani ile. Reli, bandari na mashamba vilivuta watu kutoka bara na kutoka visiwani, na watu hao walihitaji mahali pa kulala kabla hawajawa na mahali pa kujenga. Mwenyeji akakaa chumba cha mbele, vingine akawapa wapangaji.

Huo ndio uliokuwa upangaji wetu wa kale, na sifa yake kubwa ni kwamba mwenye nyumba na mpangaji walikaa chini ya paa moja. Mvua ikivuja iliwavujia wote. Choo kikijaa kiliwanukia wote. Mtoto wa mpangaji akiugua usiku, mke wa mwenye nyumba aliamka. Sisemi kwamba zama hizo zilikuwa pepo. Mwenye nyumba aliyekaa ndani aliona kila mgeni aliyeingia, alihesabu ndoo za maji, alifunga mlango wa mbele saa aliyoitaka yeye, na ugomvi wa uani ulikuwa ni wa kila siku. Mpangaji mwenye haya aliishi kama mtu anayetazamwa. Lakini jambo moja lilikuwa wazi: yangu ya mmoja na kwangu kwa mwengine vilikutana ukumbini kila asubuhi, vikaamkiana. Kodi ilikuwa sehemu tu ya uhusiano wao.

Kabla hatujaendelea, yafaa tukumbuke kwamba hata hiyo yangu, pwani yetu haikupata kuwa kitu kimoja. Wazee wetu walitenganisha ardhi na kilichosimama juu yake. Mtu aliweza kumiliki mnazi usiokuwa katika shamba lake, na kumiliki nyumba iliyojengwa katika kiwanja cha mtu au cha wakfu. Mombasa mtindo huo wa nyumba isiyo na ardhi umeendelea katika mitaa mizima mpaka zama zetu, pamoja na mashaka yake yote. Unguja, wakazi wa Ng'ambo walikuwa wamejenga nyumba zao kwa mikono yao katika viwanja ambavyo wengine walidai kuvimiliki. Kodi ya ardhi ilipozidi, mwaka 1928 waligoma kuilipa. Mgomo ule tusiufanye kisa cha ubahili. Watu wale walikuwa wanauliza swali letu hili hili: kuta ni zetu, maisha ni yetu, makaburi ni yetu; je, mchanga peke yake unatosha kumfanya mtu mwengine awe bwana wetu?

Baada ya uhuru, dola ilijibu swali hilo kwa namna yake. Upande wa Tanganyika, umilikaji wa ardhi usio na kikomo uliondolewa mwaka 1963. Sheria ya Ardhi ya 1999 imeendeleza msingi huo: ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Upande wa Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi ikawa ya Serikali. Anayeitwa mwenye kiwanja mjini Tanga anayo hati ya miaka 33, au 66, au 99, na kila mwaka hudaiwa malipo ambayo Serikali yenyewe huyaita pango la ardhi. Neno ni lile lile. Mwenye nyumba anayemdai mpangaji pango la chumba, naye anadaiwa pango la ardhi iliyobeba chumba hicho, na muda wake umeandikwa. Basi tusizungumze kana kwamba kuna watu wa aina mbili duniani, wenye na wasio nacho. Tuna wapangaji wa muda mfupi na wapangaji wa muda mrefu, na wale wa muda mrefu wamesahau.

Dola haikuishia katika ardhi. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Kupangisha, kwa fikra ya Azimio, kulikuwa ni kula jasho la mwenzio. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo: jengo lililopangishwa, ambalo thamani yake ilifikia shilingi 100,000, lilichukuliwa likawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwenye jengo lililozidi miaka kumi hakulipwa fidia. Wengi waliopoteza walikuwa wenye asili ya Kihindi, na mtu akipita katikati ya mji wa Tanga leo bado anaziona orofa zilizobadilika mikono siku zile. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita haikuguswa, kwa kuwa thamani yake haikufika huko. Lakini fikra ilibaki: mwenye kupangisha ni mnyonyaji.

Je, ni kweli? Hapa sharti tuwe waadilifu. Katika miji ya pwani, wanawake wengi wamemiliki nyumba, kwa urithi, kwa kununua, au kwa kujenga kidogo kidogo kwa pesa za vitumbua na za ukili. Kwa mjane, au kwa mwanamke aliyeachwa na asitake kurejea kuwa mzigo wa kaka yake, kodi ya vyumba vitatu ndiyo pensheni yake. Bibi Titi Mohamed, aliyewaongoza wanawake wa TANU katika kupigania uhuru, alijiuzulu uongozi mwaka huo wa 1967 akilipinga sharti la nyumba. Tunaweza kuwa na rai mbalimbali juu ya uamuzi wake, lakini hatuwezi kusema kwamba hoja hiyo haikuwa na uzito. Mwanamke asiye na mshahara, asiye na shamba la mkonge, mwenye vyumba sita na magoti yanayouma, kumwita mnyonyaji ni kutumia neno kubwa mahali padogo.

Udhibiti wa kodi nao ulitufundisha jambo. Kodi zilidhibitiwa kwa sheria tangu kabla ya uhuru, na sheria ya mwisho ya namna hiyo, ya 1984, ilifutwa 2005. Nia yake ilikuwa kumlinda mpangaji. Lakini shilingi ilipopungua thamani na kodi ikabaki palepale, mwenye nyumba aliacha kutengeneza, paa likaoza, ukuta ukapasuka. Na mpangaji naye hakuwa malaika. Wapo waliopata chumba katika jengo la umma kwa kodi ndogo, wakampangisha mwengine kwa kodi kubwa. Wapo waliotoka baada ya kupokea kilemba, yaani fedha anazolipwa mpangaji anayetoka na yule anayeingia, ingawa mwenye jengo hazimfikii. Watu hawa walikigeuza kwangu kuwa yangu. Walilindwa kwa sababu walikaa. Wakauza ulinzi ule na kukaa kwenyewe. Kwa hiyo nisidhaniwe kwamba naleta kesi ya masikini mwema dhidi ya tajiri mbaya. Uovu wa kugeuza makazi kuwa bidhaa tupu unaweza kumwingia yeyote mwenye ufunguo.

Sasa tutazame nyumba ile ile ya Mabawa katika zama zetu. Tuchukue mfano mwepesi. Baba amefariki, ameacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Kwa sheria ya mirathi mke ana thumuni, yaani fungu moja katika manane. Saba yaliyobaki ni ya watoto, kila mwanamume mawili, kila mwanamke moja. Hesabu imekaa vizuri mno: mafungu manane. Lakini nyumba ina vyumba sita. Mke anakaa kimoja. Mtoto mmoja yuko Dar es Salaam, mmoja Maskati, mmoja ameolewa Mombasa. Vyumba vinne vinapangishwa, kodi inagawanywa, kila mmoja hupata kidogo kisichomtosha. Mama naye akishafariki, hakuna tena mtu wa kupikiwa uji humo, na mtoto wa mbali husema maneno ambayo kila familia ya pwani imeyasikia: "Tuiuze, kila mtu achukue chake."

Simlaumu anayesema hivyo. Haki yake ni haki, na Mwenyezi Mungu mwenyewe ndiye aliyeyataja mafungu. Nataka tu tuone kilichotokea. Nyumba imekuwa yangu ya watu watano, na si kwao kwa hata mmoja. Ilhali katika chumba cha tatu mkono wa kushoto yuko fundi cherehani na mkewe na watoto, ambaye ameingia marehemu angali hai. Yeye ndiye aliyemwita daktari. Yeye ndiye aliyetandika jamvi siku ya khitma. Anajua bati lipi linavuja na jirani yupi anadai uzio. Nyumba si yake hata tofali moja. Siku ya kuuzwa, habari ataipata kwa dalali.

Na juu ya hayo, desturi ya kodi yenyewe imebadilika. Zamani mpangaji alilipa mwezi kwa mwezi. Leo miji yetu imezoea kudai miezi sita au mwaka mzima kabla ya kuingia, na dalali achukue yake ya mwezi mmoja. Tuyafikirie malipo haya. Mwenye nyumba anayepokea kodi ya mwaka hununua saruji, humalizia chumba cha uani, hupiga lipu. Benki haikumkopesha, mikopo ya nyumba, hata baada ya sheria ya 2008 kuiwekea njia, haijamfikia muuza samaki wala fundi cherehani. Aliyemkopesha ni mpangaji, tena bila ya riba, na kwa dhamana ya chumba ambacho anaweza kuambiwa ahame mwaka ukiisha. Mpangaji ndiye benki, na ndiye asiyekuwa na lake katika kilichojengwa.

Yeye naye, akiweza, hujinyima akanunua kiwanja nje ya mji, kuelekea Kange, au Pongwe, au Mabokweni. Hujenga msingi. Kisha hungoja. Mwaka wa tatu kuta hufika kwenye linta, mwaka wa sita nyasi huota sebuleni. Ana nyumba ambayo ni yake na hajalala humo hata usiku mmoja. Na ana chumba Mabawa ambako analala kila usiku na si chake. Hali hii ya kugawanyika, yangu kule na kwangu huku, ndiyo hali ya kaya nyingi za mijini siku hizi. Mtu huitumikia nyumba isiyomstiri, akaionea haya inayomstiri.

Turejee kwenye swali letu. Wanachuoni wa fiqhi waliliona zamani. Walisema ijara ni kuuza manufaa ya kitu, na kitu chenyewe kikabaki kwa mwenyewe. Mpangaji hapewi fadhila. Amenunua kukaa, na alichonunua ni milki yake kwa muda wake. Ndiyo maana katika kauli yenye nguvu ya madhehebu yetu ya Kishafii, nyumba ikiuzwa ijara haivunjiki mpaka muda uishe, mnunuzi hungoja. Kadhalika wakaweka haki ya shufaa: mshirika akiuza fungu lake kwa mtu wa nje, mshirika mwenzake ana haki ya kulichukua kwa bei ile. Mahanafi wakaipeleka haki hiyo mpaka kwa jirani. Mashafii wakaishia kwa mshirika. Mpangaji hakutajwa na hawa wala wale.

Sitaki kubuni sheria isiyokuwako. Lakini hekima iliyo nyuma ya shufaa haifichiki: aliyekwisha kuwa karibu na kitu atadhurika zaidi kuliko wengine kikienda kwa mgeni, basi aulizwe kwanza. Kama hekima hiyo inamfaa jirani wa ukuta wa nje kwa madhehebu moja, nani atasema haimhusu hata kidogo jirani wa ukuta wa ndani? Pale sheria inaponyamaza, adabu haikukatazwa kusema.

Atakuja mtu aseme: huku ni kulilia yaliyopita. Mkataba ni mkataba. Mpangaji alijua alichonunua, na bei yake aliilipa. Ukianza kumpa haki kwa sababu ya kukaa, mjane wako yule ataogopa kupangisha, na vyumba vitafungwa. Hoja hii ni nzito na nimekwisha kuikubali nusu, niliposema habari za kodi zilizodhibitiwa hadi mapaa yakaoza. Haki ya kukaa isiwe ngazi ya kumnyang'anya mwenye nyumba. Lakini hoja yenyewe inachukulia kwamba kilichopita kati ya watu hawa kwa miaka ishirini ni fedha na chumba tu, na hapo ndipo inapokosea. Kulikuwa na kitu cha tatu, nacho ni ujirani. Ujirani haukuandikwa katika mkataba, kwa hiyo mkataba hauwezi kuumaliza. Mwenye nyumba aliyekaa chumba cha mbele aliujua bila ya kufundishwa. Warithi waliotawanyika hawaujui, si kwa ubaya wa nyoyo zao, bali kwa sababu hawapiti tena ukumbini.

Kwa hiyo badiliko kubwa lililoipata nyumba yetu katika miaka mia hii silioni katika kuongezeka au kupungua kwa wapangaji. Wapangaji walikuwako tangu reli. Badiliko ni kwamba zamani yangu na kwangu vilikuwa na ukumbi mmoja, na sasa kila kimoja kina mji wake. Haki zilizokuwa zikitimizwa kwa kuonana, sasa sharti zitimizwe kwa kukusudia.

Na zinazohitajiwa si nyingi. Mwenye kuuza amwambie mpangaji wake mwenyewe, kwa kinywa chake au kwa simu yake, kabla ya dalali. Ampe miezi inayotosha watoto kumaliza mwaka wa shule. Na amuulize kama anaweza kununua, hata akijua hawezi, kwa kuwa kuulizwa ni kutambuliwa. Anayepokea kodi ya mwaka akumbuke kwamba amekopeshwa, na mkopeshaji hasemeshwi kama mwomba sadaka. Mpangaji naye aitunze nyumba kama mahali pake, asiuze asichokuwa nacho, na siku yake ikifika atoke kwa salama, amwache mjane ale haki yake. Warithi, kabla ya kugawana bei, wakae jioni moja uani, wawasikilize wanaoishi humo. Huenda wakauza vilevile. Lakini watakuwa wamejua ni kwa nani walipokuwa wakiuza.